Acheni Harambee za Pedali! Sauti Safi ya Gitaa Inapotelea Kwenye Waya

Leo sitaandika juu ya simu mpya wala hifadhidata. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni kuhusu gitaa la umeme kanisani. Msicheke! Hili ni jambo la teknolojia na la pesa kama mengine yote tunayozungumza hapa.

Dai langu nalisema mapema, ili asiyetaka kusoma yote asije akasema hakuambiwa. Makanisa yetu yanachangisha pesa ili yanunue sauti safi ya gitaa, na sauti safi ya gitaa hainunuliwi hivyo. Usafi wa sauti hauongezwi mwishoni. Upo tangu uzi wa gitaa unapotetemeka, na kazi yetu yote ni kutoupoteza njiani. Katika makanisa mengi ya huku kwetu unapotea kwenye hatua ya kwanza kabisa, ndani ya mita chache za waya. Halafu kamati inaitisha harambee ya kununua kidude cha kwenda kuutafuta kule ambako haupo.

Huku kwetu ni Gachoka, Embu, kwenye barabara ya kutoka mjini Embu kwenda Kiritiri. Wakubwa wanalikumbuka kama jina la eneo bunge, kabla ya uchaguzi wa 2013 kuja na jina la Mbeere Kusini. Mimi nalipwa kuandika programu, na nikiwa nyumbani wikendi naitwa na vikundi vya sifa kwa sababu watu wanaamini mtu wa kompyuta anajua kila kitu chenye waya. (Wenzangu wa kazi hii mnajua mateso haya. Printa zote za ukoo ni zangu.) Kwa hiyo nimekaa nyuma ya miksa za madhehebu mbalimbali, na shida nimeikuta ile ile.

SHIDA YENYEWE

Picha ni hii. Mpiga gitaa amesimama mbele. Waya wake wa mita kumi umepita chini ya mkeka hadi kwenye miksa, ukachomekwa kwenye tundu lililoandikwa LINE. Kinanda kimechomekwa tundu la jirani na kinalia vizuri. Gitaa kavu lenye betri ndani yake linalia vizuri pia. Gitaa la umeme peke yake linalia kama limefunikwa blanketi.

Fundi mitambo anazungusha nobu ya trebo. Blanketi linabaki pale pale, ila sasa spika zinatoa mvumo wa "shiiiii". Mpiga gitaa anapiga kwa nguvu zaidi. Mzee wa kanisa anainua mkono: punguza! Gitaa linapunguzwa mpaka halisikiki tena, na kijana anamaliza ibada akijipigia mwenyewe. Jumatano kamati inakaa na kuamua kwamba gitaa ni la bei rahisi, kijana hajaiva, na dawa ni kununua pedali kama za lile kanisa kubwa la Nairobi.

Yote matatu ni uongo. Tazama hesabu.

Pikapu ya gitaa (sisemi ile Toyota inayobeba magunia ya ndengu) ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Haina betri. Umeme inaoutoa ni kidogo mno, na inataka kuchomekwa kwenye kitu kisichoivuta. Wanaojua mito yetu ya msimu wataelewa upesi: ukichimba kisima kwenye mchanga wa mto na kuchota kwa kikombe taratibu, unapata maji safi. Ukishusha pampu ya dizeli kwenye kisima hicho hicho, unapata matope. Kisima hakina kosa lolote. Kosa ni la pampu.

Amplifaya ya gitaa ndiyo kikombe. Tundu lake la kuingizia lina ukinzani wa takriban omu milioni 1. Tundu la LINE la miksa ndogo ndiyo pampu: mara nyingi ni omu 10,000 hadi 20,000 hivi. Tundu la maiki ni chini zaidi, omu elfu mbili au tatu tu.

Chukua pikapu ya kawaida yenye omu 8,000 na indaktansi ya henri 4. Sauti nzito zinapita bila taabu kubwa. Lakini koili hukinza zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba: kwenye masafa ya hezi 3,000, koili hiyo inakinza kama omu 75,000. Ichomeke sasa kwenye tundu la omu 10,000. Sauti nzito zinabaki na zaidi kidogo ya nusu ya volteji yake. Sauti nyembamba, zile zinazofanya gitaa liitwe safi, zinabaki na asilimia 13 hivi. Ichomeke kwenye tundu la omu milioni 1, na karibu kila kitu kinafika.

Hilo ndilo blanketi lenu. Halikufumwa na bei ya gitaa wala mikono ya kijana. Kinanda hakiathiriki kwa sababu kina saketi yake ya kusukuma sauti, na gitaa kavu lina betri inayofanya kazi hiyo hiyo. Gitaa la umeme halina, ndiyo maana linalaumiwa peke yake.

Na ile nobu ya trebo? Kwenye miksa nyingi ndogo imewekwa kwenye masafa ya hezi 10,000 au 12,000. Gitaa la umeme karibu halina kitu huko juu. Unapoizungusha unaongeza mvumo wa miksa, na gitaa linabaki lilivyo. Fundi anatibu goti kwa mgonjwa anayeumwa jino.

Wana programu wenzangu, nyinyi mnaijua hali hii. Data ikishapotea kwenye ingizo, hakuna fomula ya mbele itakayoirudisha. Ukiikuza picha yenye pikseli chache, unapata miraba mikubwa. Sura ya mtu hairudi. Kwa nini basi tunaamini kwamba sauti iliyopotea kwenye tundu la kwanza itarudishwa na kidude chenye taa za rangi?

KWA NINI PEDALI "HUFANYA KAZI"

Hapa ndipo uongo unapopata miguu. Kanisa linanunua kile kidude kikubwa cha efekti, chenye amplifaya mia mbili ndani yake, na kweli Jumapili inayofuata gitaa linasikika! Kamati inapeana mikono. Muuzaji anapata wateja wengine watatu wa jirani.

Kilichotokea ni nini? Kidude kile kina tundu la kuingizia la omu milioni 1. Ni hilo tu. Gitaa limepata kikombe badala ya pampu, na blanketi limeondoka hata kabla ya kuwasha amplifaya moja kati ya zile mia mbili. Mmenunua nyumba nzima kwa sababu mlihitaji kitasa cha mlango.

Kitasa kinauzwa peke yake. Kinaitwa kisanduku cha DI. Kile kinachotumia betri, au volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa kawaida kina tundu la mamia ya maelfu ya omu hadi omu milioni 1, na upande wa pili kinatoa sauti iliyo tayari kusafiri mita thelathini kwa waya wa maiki bila kuchoka. Visanduku vya bei nafuu vinauzwa chini ya sehemu ya kumi ya bei ya vile vidude vikubwa. Na kuna walio nacho bila kujua: pedali nyingi za Boss, hata zikiwa zimezimwa, huwa na saketi ndogo ya kupokea sauti kwa upole na kuisukuma mbele. Kama kijana ana pedali ya kutyuni ya aina hiyo, ikae ya kwanza kutoka kwenye gitaa, na nusu ya harambee yenu imekwisha. Miksa nyingine zina kitufe cha Hi-Z kwenye tundu mojawapo. Kimeandikwa pale miaka yote na hakuna aliyekibonyeza!

Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja (simtaji yeye wala duka lake) tundu la kidude alichokuwa anakisifu lina omu ngapi. Alicheka, akaniambia "hii ndiyo wanayotumia Nairobi". Sina neno na Nairobi. Nina neno na jibu hilo, kwa sababu ndilo linalopelekwa mbele ya kamati, na kutoka kwa kamati linapelekwa mbele ya waumini.

Na waumini wa huku ni nani? Ni watu wa ndengu, mtama, maembe na muguka. Mei 2024 kaunti za Pwani zilipotangaza marufuku ya muguka, watu wa Mbeere walipiga kelele mpaka mahakamani, kwa sababu karo za shule zilikuwa kwenye yale majani. Pesa za namna hiyo ndizo zinazowekwa kwenye bahasha ya harambee. Mama aliyeuza debe la ndengu hawezi kujua kama tundu la omu 10,000 ndilo tatizo. Sisi tuliosoma tunaweza. Kunyamaza kwetu ndiko kunakomgharimu.

SAUTI YA WENZETU KWENYE UKUMBI WETU

Tuseme tundu limepona. Sasa linakuja kosa la pili, na hili ni la wapiga gitaa wenyewe. Vijana, sogeeni karibu.

Mmejaza kidude priseti zilizoandikwa "Worship". Priseti hizo karibu zote ni mtoto wa baba mmoja: mwangwi unaorudi baada ya robo tatu ya pigo, mtindo uliopata umaarufu kupitia The Edge wa kundi la U2, ukachukuliwa na makanisa makubwa ya Australia na Marekani, ukarekodiwa, ukapambwa, ukapakiwa kwenye intaneti. Ni sauti nzuri. Siikashifu. Lakini ina masharti yake. Wimbo wa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika una pigo la milisekunde 833, na robo tatu yake ni milisekunde 625. Kwenye mapigo 120 ni milisekunde 375. Wenzetu wanapiga wakiwa na saa masikioni, pigo halisogei. Sisi pambio linaanza 100, kiongozi anapata moto, linafika 130 kabla ya dakika mbili. Mwangwi wako bado uko kule 100, unarudi kati ya makofi ya waumini kama mtu aliyechelewa ibada na bado anataka kukaa mbele.

Halafu fikiria jengo. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, mabati juu, madirisha ya kioo. Ukumbi wa urefu wa mita 20 unarudisha sauti kutoka ukuta wa nyuma baada ya mita 40 za safari. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inarudi baada ya milisekunde 117 hivi. Kanisa lenyewe ni pedali ya mwangwi, na halina swichi ya kuzima! Kuongeza riverbu ya "Kanisa Kuu" juu ya hapo ni kumwaga maji mtoni. Zile rekodi zilitengenezwa kwenye vyumba visivyorudisha sauti, ndiyo maana zilihitaji kuongezewa ukumbi. Wewe ukumbi unao tayari.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tunaagiza usafi kutoka ng'ambo huku tumekalia ghala lake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga akipiga Masanga kwa gitaa kavu, na kila noti inasikika mpaka leo. Hapa Kenya Fundi Konde anatajwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Msikilize Franco na TPOK Jazz. Wasikilize Les Wanyika, walioundwa Nairobi mwaka 1978: magitaa mawili au matatu kwa wakati mmoja, kila moja na njia yake, hakuna linalomkanyaga mwenzake, na mwimbaji amekaa juu yao bila kupigana na mtu. Sikiliza benga. Hiyo ndiyo sauti safi! Ina riverbu kidogo sana, noti fupi na mkono wa kulia wenye nidhamu.

Najua mtakavyosema: hiyo ni ya baa. Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, alihamia nyimbo za injili miaka ya 1990, na watu wa milimani hawakumsahau kwa sababu hiyo. Kidole hakina dhehebu. Na hata hizo priseti zenu zilitoka kwa wanamuziki wa roki. Kama roki ya Dublin inaweza kuokoka, rumba ya Kinshasa imekosa nini?

KUITENGENEZA SAUTI, HATUA KWA HATUA

Ugomvi bila dawa ni kelele. Hizi hapa hatua, kwa mpangilio. Kama vile unavyotafuta kosa kwenye programu: badilisha kitu kimoja, sikiliza, kisha nenda kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kimeponya.

1. Nyuzi mpya. Hiyo ndiyo trebo ya bei rahisi kuliko zote. Nyuzi zilizoota kutu hazifufuliwi na miksa yoyote. Kisha tyuni vizuri.

2. Shusha pikapu kidogo kama ziko karibu sana na nyuzi. Zikikaribia mno, sauti inakwaruza kabla haijatoka kwenye gitaa.

3. Waya mfupi kutoka gitaa hadi DI: mita tatu, zisizidi tano. Waya wa gitaa una kapasitansi ya kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na kila mita inakula trebo kabla ya kufika kwenye DI. Safari ndefu iachie waya wa maiki unaotoka kwenye DI.

4. Panga geini. Mwambie mpiga gitaa apige kwa nguvu zote, kama kwenye pambio kali kuliko yote. Ongeza geini hadi taa nyekundu iguse, rudi nyuma mpaka izime kabisa, kisha rudi kidogo tena. Baada ya hapo geini haiguswi, sauti inapandishwa na kushushwa kwa kile kitelezi cha chini.

5. Kata chini. Noti ya chini kabisa ya gitaa ni hezi 82. Bonyeza kitufe cha kukata hezi 80 au 100 kama kipo. Hiyo nafasi ni ya besi na ngoma.

6. Punguza kabla ya kuongeza. Sauti ikiwa na matope, punguza kati ya hezi 250 na 400. Ikikata masikio, punguza kati ya 2,500 na 4,000. Eneo hilo la juu ndilo linalobeba maneno ya mwimbaji, na waumini walikuja kusikia maneno.

7. Efekti mwisho. Riverbu kidogo, kiasi kwamba ukiizima mtu anahisi kuna kitu kimepungua lakini hajui ni nini. Mwangwi iwapo tu mpiga ngoma anashika mwendo.

8. Piga picha miksa kwa simu kabla ya kuondoka. Hiyo ndiyo nakala yako ya akiba. Wiki ijayo mtoto wa mtu atakuwa amezungusha kila nobu.

Kuna jambo moja la ziada kwa wanaotoka moja kwa moja bila amplifaya. Spika ya gitaa haitoi kitu kikubwa zaidi ya hezi 5,000 hivi, lakini spika za kanisa zinatoa hadi juu kabisa. Ndiyo maana baada ya DI gitaa linaweza kusikika kavu na lenye ncha. Hapa ndipo ile nobu ya trebo inapopata kazi yake: ipunguze. Ukitaka zaidi, na una laptopu ya zamani, kuna programu huria. Guitarix ni amplifaya nzima ya Linux, na huhitaji kumlipa mtu. Neural Amp Modeler hutumia mtandao wa neva kuiga amplifaya halisi, na msimbo wake uko wazi. Unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gitaa.

Wengi huogopa kuchelewa kwa sauti. Sampuli 128 kwa mwendo wa 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 2.7. Zikipangwa mara mbili ni 5.3, na vigeuzi vya kadi vinaongeza kidogo. Kwa hesabu ya mita 343 kwa sekunde, hizo 5.3 ni sawa na kusimama mita 1.8 kutoka kwenye amplifaya. Umewahi kumsikia mpiga gitaa akilalamika kwamba amplifaya yake iko hatua mbili mbali? Lakini laptopu huganda, kwa hiyo DI kwanza, laptopu baadaye.

UMEME: HAPA SITANII

Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Ukisikia "mmmmm" nzito chini ya gitaa, hiyo ni hezi 50 au 100 zinazopita kwenye waya za ardhi zinazozunguka. Chomeka amplifaya ya gitaa na miksa kwenye soketi ya sehemu moja, na ubonyeze swichi ya kuachanisha ardhi iliyoko kwenye DI. Swichi hiyo inaachanisha ardhi ya waya wa sauti peke yake.

Wapo mafundi wanaokata pini ya juu ya plagi, ile kubwa ya ardhi, ili mvumo uondoke. Mvumo unaondoka kweli. Lakini siku amplifaya itakapoharibika ndani, umeme utakaa kwenye nyuzi za gitaa ukingoja mpigaji aguse maiki kwa midomo. Kwa kulinda masikio ya waumini umeweka maisha ya kijana rehani. Ukikuta plagi ya namna hiyo kanisani, itoe siku hiyo hiyo, hata kama ibada itaendelea kwa makofi peke yake. Na jengo lisilo na nguzo ya ardhi liwekewe moja kabla ya kununua hata maiki. Hiyo ndiyo harambee nitakayochangia wa kwanza.

Sisi hapa ni majirani wa mabwawa ya Seven Forks. Kindaruma imezalisha umeme tangu 1968, Kamburu tangu 1974, na vijiji vingi vya Mbeere vilitazama nyaya zikipita juu kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa. Maarifa nayo yasitupite juu ya vichwa vivyo hivyo. Omu na hezi zimo kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani, tukaziacha kwenye chumba cha mtihani.

MAJIBU YA MAPEMA KWA WATAKAONIRUKIA

"Mungu huangalia moyo." Naam, Mungu huangalia moyo. Kamati inaangalia mifuko. Kama sauti haina maana, msichangishe. Kama ina maana kiasi cha kuchangisha, basi ina maana kiasi cha kupima.

"Haya ni mambo ya kiroho, wewe unaleta hesabu." Omu 10,000 za Jumapili ni omu 10,000 za Jumatatu. Mjenzi wa kanisa lenu alitumia timazi, na hakuna aliyemwambia ukuta utasimama kwa maombi.

"Vijana wanataka sauti ya kisasa, tusipoinunua watahama." Kijana anahama pale anapopiga miaka miwili bila kusikika, halafu anaambiwa tatizo ni yeye. Mpe tundu sahihi, asikie noti zake zikifika ukuta wa nyuma, uone kama atahama.

"Kwani pedali ni dhambi?" Hapana. Nunueni! Lakini nunueni mkijua mnanunua nini. Anayejua anachokosa hununua kitu kimoja. Asiyejua hununua duka.

Kwa hiyo, wazee na wanakamati, kabla barua ya harambee haijapigwa chapa, mwiteni fundi mitambo, yule kijana asiyelipwa, mumuulize maswali matatu. Gitaa linaingia kwenye tundu la omu ngapi? Nyuzi zilibadilishwa lini? Tukiazima DI kwa Jumapili moja, nini kinabadilika? Rekodini kwa simu Jumapili hii na Jumapili ijayo, mkiwa mmekaa kiti cha mwisho kabisa nyuma, mlinganishe. Kama hakuna tofauti, chapeni barua yenu na mnitaje mimi kwa jina kwenye mkutano. Kama tofauti ipo, debe la ndengu la yule mama limepona.

Haya, nimemaliza. Wauza pedali, mlango uko wazi, njooni na omu zenu mkononi. Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, ambako hakuna anayepiga makofi :-)